Picha ya Wangari kwa tisheti haitoshi

Dada, umeuliza ubaya uko wapi mwanasiasa akivaa tisheti ya Wangari Maathai, yule mama wa Kenya aliyejulikana kwa kupanda miti, na kusema anaendeleza kazi yake. Kupanda miti si ubaya hata kidogo. Shida ni wanachukua miti peke yake na kumwacha mama mwenyewe. Huyu ni mtu mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 hapo Uhuru Park, bustani ya umma Nairobi, akaandika barua huku na huku, wabunge wakamtukana bungeni, na bado hakunyamaza mpaka hiyo mipango ikaachwa. 1992 akakaa pale pale na wamama wa wafungwa wa kisiasa, polisi wakawapiga mpaka yeye akazimia. 1999 akapasuliwa kichwa huko Karura juu ya msitu uliokuwa unagawiwa watu wakubwa, akaenda polisi akatia sahihi ripoti kwa damu yake. Sasa wewe mwanasiasa unanyamaza ardhi ya umma ikinyakuliwa halafu unataka jina lake?

Kwetu mtaani mheshimiwa mmoja alikuja na kamera, akaongea juu ya Wangari karibu saa nzima, akapanda mche. Walipoenda nikaona mche umefukiwa na karatasi yake nyeusi ya plastiki, haikuwa imepasuliwa hata. Mimi na jirani tukauchimbua, mizizi ilikuwa imeshaanza kujikunja ndani, tukatoa hiyo karatasi tukaurudisha na ndoo moja ya maji. Sa hii umenifika begani.