Miezi tisa njiani kwa hela ya dagaa

"Unakwenda kwa nani?" Ndilo swali la kwanza alilouliza mama mdogo nilipomwambia nataka kusafiri. Nikamwambia siendi kwa mtu. "Kuna mgonjwa?" Hakuna. "Masomo?" Hapana. Akapepeta dagaa wake kidogo, halafu akasema, "Ng'wanawane, mtu haondoki Mwanza hivi hivi."

Niliondoka hivi hivi. Nilikuwa na shilingi milioni nane na laki nne, zikanipeleka Uganda, Rwanda, Zambia na Malaysia kwa miezi tisa. Wanaoniuliza habari za safari ile huanzia kwenye hela, nami nawarudisha kwenye pasipoti. Ukishika ushauri ulioandikwa na mtu mwenye pasipoti ya Ujerumani, utapanga safari ya mtu mwingine. Yeye anatafuta tiketi ya bei poa, basi. Sisi tunaanza kwa kuuliza: wapi watanifungulia mlango bila kunitoza?

Nililijifunza hilo kwa hasara. Mwaka 2022 niliomba viza ya Ulaya, ile ya Schengen. Ada yake ilikuwa euro 80 (tangu Juni 2024 ni 90), na ukikataliwa hurudishiwi. Nikapanda basi hadi Dar, nikalala siku nne gesti, nikapeleka taarifa za benki, bima, barua ya serikali ya mtaa na picha mbili. Ubalozi mmoja ukanijibu kwa karatasi yenye vema kwenye kisanduku: hawakuridhika kwamba nitarudi kwetu. Ukijumlisha nauli na gesti, nilikuwa nimeteketeza hela ya kuishi Kampala mwezi mzima.

Baada ya hapo nikachukua daftari, nikaandika nchi ambazo Mtanzania anaingia bila viza. Orodha ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kuna majirani wa Afrika Mashariki, kuna Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini, na huko mbali kuna Malaysia na Singapore. Ghana nayo ilitangaza kuwafungulia Waafrika wote Januari 2025. Masharti hubadilika, kwa hiyo hakikisha na ubalozi au tovuti ya uhamiaji ya nchi husika kabla hujalipa chochote. Pasipoti yenyewe ni 150,000 na inakaa miaka kumi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tangu 2016, ukichanjwa mara moja inatosha maisha. Itunze pamoja na pasipoti, maana wengine wanaiulizia kabla hata ya salamu.

Sasa hela.

Nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ushauri wa "weka asilimia fulani ya mshahara kila mwezi" haunihusu, kwa sababu sina mshahara, na mwezi wangu ni ule wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika, na sisi tunapumzika bila kupenda. Giza likirudi, mzigo unamwagika. Kwa hiyo niliweka akiba kwa giza. Usiku wa kwanza wa mzigo mkubwa nilikuwa natoa fungu la safari kabla sijalipa hata deni la chai, na wakati wa mbalamwezi siweki kitu, nakula tu nilichobakiza. Ukijilazimisha kuweka wakati wa njaa, utaichokonoa ile akiba yenyewe. Kibubu changu cha kwanza nilikivunja mara mbili kwa kisu cha jikoni, mara ya pili kwa ajili ya vitenge vya sare ya harusi ya mtu ambaye wala hatuongei siku hizi.

Kilichoniokoa ni kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba. Pale hela si yako peke yako mpaka siku ya kuvunja na kugawana, na ukichelewesha hisa kuna wanawake kumi na tisa wanaokutazama. Tulivunja mara mbili, Desemba na Desemba.

Nilipoanza kutembea niligundua kwamba kinachokula hela ni kuhamahama. Kila unapohama unalipa nauli, bodaboda kutoka stendi, gesti ya kwanza unayoipata kwa sababu umechoka, na chakula cha bei ya mgeni kwa kuwa hujajua mama ntilie yuko wapi. Kampala nililala gesti siku sita, kisha nikapata chumba cha kupanga Kawempe kwa mwezi. Kodi ya mwezi ule ilikuwa sawa na siku tisa za gesti. Nikakaa miezi mitatu, nikanunua jiko la mafuta na sufuria moja. Jirani alinionyesha wapi pa kununua matooke, ndizi za kupika, jioni, wauzaji wanapotaka kurudi nyumbani. Nchi moja kwa miezi mitatu ni nafuu kuliko nchi tatu kwa mwezi mmoja, na utaondoka ukiwa na watu wa kuwapigia simu.

Usafiri wa usiku unakusaidia pia. Kwenda Bukoba nilipanda meli jioni pale bandarini Mwanza, asubuhi nikashuka nimeshalala, hapo nikatafuta gari la Mutukula, mpakani na Uganda. Kurudi kutoka Zambia nilipanda treni ya TAZARA, New Kapiri Mposhi hadi Dar, kilomita 1,860. Kwangu ile ilikuwa nauli na malazi kwa pamoja.

Livingstone, kule Zambia, nilikaa hosteli moja kwa kufua mashuka saa nne kwa siku, wakanipa kitanda. Wapo wengi wanaopokea watu kwa mtindo huo, ila uliza kwanza. Nchi nyingine hata kazi ya kubadilishana na kitanda ni kazi, na kibali cha kutembea hakikuruhusu kuifanya. Na usibebe dagaa. Nilikaanga nusu kilo katika jiko la pamoja, na kijana mmoja kutoka Uholanzi akatoka nje akiwa na mswaki mdomoni, hakurudi mpaka jioni.

Nieleze la dola, kwa sababu hili hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na noti tano za dola 100. Kwa hofu ya wezi nilizikunja mara nne nikazishonea kwenye pindo la kitenge, nikakivaa kutoka Mwanza hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Nilipovuka kwenda Nakonde nikaingia duka la kubadilisha fedha. Dada wa dirishani akaikunjua noti ya kwanza, akainyoosha kwa kidole gumba, akaiinua kwenye taa. Kisha akapitisha ukucha taratibu juu ya mkunjo, pale jasho lilipokuwa limekula wino ukabaki mstari mweupe. Akanirudishia kupitia kitundu cha kioo. Ya pili hivyo hivyo. Kati ya tano alichukua moja. Zile nne nilikuja kuziuza Lusaka kwa bei ya kutupa. Siku hizi nachagua noti mpya zenye utepe wa buluu, nazilaza bila mkunjo ndani ya jalada la daftari. Mwizi haibi daftari.

Malaysia ndiyo iliyokuwa ghali: tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Dar, 2,150,000, robo ya akiba yangu. Wanakupa siku 30 bila viza, lakini unajaza fomu yao ya mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni ya bure, ukiona tovuti inakudai hela ujue umeingia kusiko. Uwanjani wakaniuliza tiketi ya kurudi na nitalala wapi. Nilikuwa nimezichapisha zote mbili, na dakika mbili baadaye nikawa nje. Chakula cha asubuhi kule ni wali wa nazi, yai, karanga, pilipili na visamaki vikavu vya kukaanga, ikan bilis. Nilikula kila siku. Vilikuwa vinono kuliko vya kwetu, ila vilianikwa vibaya, mchanga unausikia kwenye meno.

Kuna hela moja sikuihesabu katika zile milioni nane: milioni moja na laki mbili, mtaji wa kurudia. Niliiacha kwa mama mdogo na nikamwambia hata nikipiga simu nalia asiitume. Nilipiga, Lusaka, baada ya yale mambo ya dola. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mtandao unakata, akakata.

Nilirudi siku mbili kabla ya mwezi mpevu. Mwaloni pamelala, wanaume wanacheza bao, vichanja vitupu. Nikakaa karibu siku kumi kwa mama mdogo nikisubiri giza. Lilipoingia, akaniletea hela yangu ndani ya mfuko wa sukari, akaihesabu mbele yangu noti kwa noti, tukashuka wote ufukweni kungoja mitumbwi.