Flopi mbili za mzee, na kwanini nakusumbua uhamishe picha zako

Wadau habari za siku. Juzi dogo mmoja hapa jirani kaja kwangu na simu imeingia maji, jasho linamtoka, picha zote za mwanae tangu siku anazaliwa zimo humo na hajawahi kuhamisha hata moja. Namuuliza hukuweka sehemu nyingine? Ananiambia "bro si zipo kwenye simu". Sikumcheka, maana hiyo hasara mi niliila enzi hizo simu zenyewe bado ni za kubip na kucheza nyoka.

Mwaka 2003 nilikuwa nakaa kaunta kwenye internet kafe moja pale Morogoro. Kompyuta nane, monita za chogo zinazojaza meza nzima, mausi zile zenye mpira kwa chini, kila asubuhi unazifungua unatoa uchafu kwa kucha. Nusu saa mia tano. Intaneti ilikuwa inakuja kwa dishi, yaani ukibonyeza kitu ombi lako linapanda mpaka kwenye setilaiti kilomita kama 36,000 huko juu, linashuka Ulaya au Marekani, jibu linarudi njia hiyohiyo, ndo maana mteja alikuwa anafungua Yahoo, anatoka kununua muhogo, anarudi bado haijamaliza kufunguka. Mvua ikikolea ndo kabisaaa, mnaanza kudaiana dakika.

Sasa mzee wangu alikuwa amestaafu reli na alikuwa na jambo lake, anataka historia ya ukoo iandikwe kabla hajaondoka. Basi tukifunga kafe jioni anakuja, anakaa kwenye kiti cha plastiki anasimulia, babu yake alivyokimbia vita vya Majimaji, nani kaoa wapi, shamba lipi liligawanywa vipi na nani alinuna, mi nachapa. Tulifika kurasa 34. Nikasevu kwenye flopi, alafu nikajiona mjanja nikatia na flopi ya pili, moja ikifa nyingine ipo. Kwa wadogo zangu ambao flopi mnaijua kama kile kialama cha kusevu tu, ni kidude cha plastiki kinabeba MB 1.44, picha moja uliyopiga leo asubuhi kwa simu yako haiingii humo. Nikaziweka zote mbili kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.

Mzee akafariki 2009. Mwaka 2012 kwenye kikao cha ukoo watu wakaulizia ile historia, nikasema ipo bwana, kwa mbwembwe. Kuitafuta kompyuta yenye tundu la flopi tu ilinichukua siku tatu mjini pale, mwisho nikampata mzee wa stashonari ana mashine imefunikwa kitambaa. Flopi ya kwanza mashine ikauliza kama tuifomati (yaani ifute kila kitu), mzee akanishika mkono, "usibonyeze ndiyo!" Ya pili ikaonyesha jina la faili, nikashangilia, kubonyeza haifunguki. Kuzichungulia ndani zote zina ukungu.

Kilichobaki ni kurasa 11. Na zimebaki kwa sababu baba mkubwa alikataa kusomewa kwenye kioo, akataka karatasi, nikamprintia 11 wino ukaisha nikamwambia nitamalizia kesho.

Kosa langu halikuwa kukosa kopi, kopi nilikuwa nazo mbili. Kosa ni kwamba zilikuwa za aina moja, kopo moja, nyumba moja, unyevu mmoja, kwahiyo nilikuwa na kopi moja yenye miili miwili. Ndo nakuambia we mwenye picha kwenye simu na kwenye memori kadi iliyomo kwenye simu hiyohiyo, mwizi anachukua vyote kwa mkono mmoja.

Na usidhani ni ushamba wetu wa huku. Waingereza wana kitabu chao kinaitwa Domesday, cha mwaka 1086, mfalme aliorodhesha mashamba na mifugo ya watu. Ilipotimia miaka 900, mwaka 1986, BBC wakatengeneza kipya cha kompyuta, watu zaidi ya milioni moja wakachangia picha na maandishi, vyote wakaviweka kwenye diski kubwa za leza zinazosomwa na mashine maalum. Haikupita hata miaka 20 mashine za kuzisoma zikawa za kusaka kwa tochi, ikabidi wataalam wafanye kazi ya ziada kuviokoa. Cha 1086, cha ngozi, kinasomeka mpaka kesho.

Yaani hivi vitu havingoji viharibike, kinachotangulia kufa ni kisomeo chake. IBM walileta flopi 1971, kubwa kama sahani ya inchi 8, zikaja ndogo, ikaja CD (tulichoma CD jamani, acha), ikaja flashi, na laptop mpya nyingi sa hizi hata tundu la CD hazina. Kwahiyo ushauri wangu ni uhamishe kabla hujalazimika, kila ukibadilisha kompyuta au simu, kabla ya zile sherehe za kuweka kava jipya, hamisha kila kitu na ufungue faili kadhaa uone kama kweli vinafunguka.

Kuna atakayesema mi naweka mtandaoni. Sawa. Enzi zangu Hotmail walikuwa wanakupa MB 2, mteja anafuta meil za mchumba ili apokee barua ya kazi. Aprili 2004 Gmail wakatangaza GB 1 watu wakadhani ni utani wa sikukuu ya wajinga. Alafu Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukawaka, Dar na Mombasa zikaunganishwa kwa waya chini ya bahari, na hapo ndo tabia yetu ilibadilika bila kujijua. Kabla ya hapo kupandisha picha ilikuwa mateso kwahiyo vitu vyetu tulikaa navyo wenyewe, baada ya hapo tukaanza kuvipeleka kwenye kompyuta za watu wengine. Na hao watu wengine wana mambo yao, GeoCities, ambako watu walijitengenezea kurasa zao, ilifungwa Oktoba mwaka huohuo 2009 pamoja na kurasa za mamilioni ya watu, MySpace, mtandao wa kijamii, 2019 wakakiri nyimbo zilizopandishwa kwa miaka 12 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Google nao tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti ambayo haijaguswa miaka miwili. Ile akaunti ya marehemu mama yenye picha zake, ingia leo. Na kama namba ya kurudishia paswedi ni laini uliyoitupa, badilisha leo pia, maana laini ikikaa bila kutumika inapewa mtu mwingine na yeye ndo atatumiwa ile namba ya siri ya kufungulia akaunti yako.

Vint Cerf, mmoja wa wawili waliobuni lugha ambayo kompyuta zote za intaneti zinaongea, mwaka 2015 aliwaambia watu kama kuna picha unaipenda kweli, iprinti. Huyo ndo mwenye intaneti yake anasema hivyo! Baba mkubwa wangu aliishia darasa la nne na alishafika hapo zamani.

Mi sa hizi naweka sehemu tatu, hadi diski ya nje iliyopo kwa dada yangu Dodoma, na vya muhimu naprinti. Zile kurasa 11 nimezipiga skani na kila nyumba ya ukoo ina nakala. Ukurasa wa 11 unaishia katikati ya sentensi, "na hapo ndipo babu akamwambia mdogo wake kwamba", na waliokuwa wanajua alimwambia nini wote wameshatangulia.