Kabla ya kuita watu watoe maoni, uliza kipi bado hakijaamuliwa

Mkutano wa kwanza wa maoni ya wananchi niliouongoza, watu walininyamazia kama maji ya mtungi. Nikadhani hawajui haki zao, nikatumia nusu saa nzima kuwafundisha. Mwishowe mzee mmoja akanyosha mkono: "Mwanangu, hili jambo si mmeshalikata?" Mkobani nilikuwa na ramani iliyokwisha kupigwa muhuri. Sikuwa na jibu.

Siku hizi, kabla sijakubali kuongoza mkutano wowote, namuuliza anayeniita: kipi bado hakijaamuliwa? Wengi hucheka kwanza. Ukimbana, unagundua kwamba barabara itapita palepale ilipochorwa, ila mahali pa vivuko na ratiba ya ujenzi bado havijapangwa. Basi wapelekee watu hivyo viwili. Yaliyokwisha kukatwa yataje mwanzoni kabisa, hata ukizomewa. (Nimezomewa, nikarudi nyumbani, nikala, nikalala.) Na kama hakuna kilichobaki, watu wapewe taarifa, na mwaliko useme hivyo; usiandike "maoni".

Mfano ninaourudia kila mara ni wa jimbo la British Columbia, Kanada. Mwaka 2004 raia 160 waliopatikana kwa bahati nasibu walikabidhiwa swali moja: mfumo wa kuchagua wabunge wa jimbo ubaki au ubadilishwe? Waliambiwa mapema kwamba wakipendekeza mabadiliko, wapiga kura wenyewe wataamua. Kwa miezi kadhaa wakasoma mifumo ya uchaguzi, somo ambalo darasani lingewalaza usingizi, kwa kuwa walijua linakwenda kutumika wapi. Mwaka 2005 pendekezo lao lilipata asilimia 57.7 ya kura, likaanguka kwa sababu sharti lilikuwa 60. Liliniuma, lakini hakuna aliyeweza kusema raia wale walichezewa.

Ukumbini, vunja safu za viti. Kipaza sauti kimoja mbele ya watu mia huzaa hotuba, na wahutubiaji huwa walewale. Wakae saba au wanane kila meza, na asiseme mtu mara ya pili kabla kila mmoja hajasema mara moja. Mwandishi aandike maneno ya msemaji jinsi yalivyotoka, asiyapige pasi. Nimeona "tunaogopa watoto watagongwa" ikigeuka "suala la usalama", na aliyesema akashindwa kuitambua kauli yake.

Kazi ambayo wengi huikimbia ni kurudi. Rudi na orodha ya yaliyochukuliwa, yaliyokataliwa, na kwa nini. Safari iliyopita nilirudi na pendekezo lililokataliwa. Mama aliyelitoa akasoma sababu mara mbili, akasema hakubaliani nayo hata kidogo, kisha akauliza mkutano ujao ni lini.