Jini wa Mwanaidi

SWALI: Shikamoo Bibi. Naandika riwaya ya fantasia kuhusu Mwanaidi, muuza vitumbua wa hapa Tanga, aliyerithishwa jini na bibi yake. Wenzangu chuoni wanasema huo ni ushirikina tu, eti fantasia ni madragoni na makasri. Nimeanza kumwita "Aurora" na kumhamishia nchi ya theluji. Niendelee? Nimeambatisha sura tatu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mrudishe Mwanaidi nyumbani leo hii. Huko kwenye theluji vitumbua atamuuzia nani?

Hao wenzako wamesoma nini? Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapo hapo Tanga, mwaka 1909, aliandika *Adili na Nduguze*. Adili huwachapa manyani wawili kila usiku, kumbe ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa na jini Huria. Hakuhitaji theluji.

Ila wana hoja moja, ingawa hawakuisema. Wasomaji wako wengi jini wanamwamini, au tuseme hawamtanii usiku. Kumtokeza tu hakutawashtua. Wanachotaka kujua ni jini huyu anadai nini, na kipi hakiwezi. Mtazame Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani: silaha haimdhuru, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo ikishatoka, msikilizaji hana raha tena kila mwanawe, ndiye atakayemuua, anapomkaribia.

Sasa wako. Sura ya pili anapenya ukutani; sura ya tatu anasimama nje ya bandari kungoja mlinzi afungue geti. Kwa nini? Kama kuna kinachomzuia, kionyeshe mapema, tena kimgharimu Mwanaidi kitu. Kama hakuna, basi umesahau tu, na msomaji wa Tanga atakukamata kabla ya mhariri.

Futa pia ile aya ya "jini ni kiumbe asiyeonekana ambaye watu wa pwani huamini..." Unamweleza nani? Mwanaidi hawezi kujieleza hivyo mbele ya karai lake la mafuta. Hiyo ni sauti ya mgeni aliyeshuka jana. Bibi yake, kwa upande mwingine, umempatia sawasawa, hasa anapomfokea jini kwa kumwaga ubani. Mwongezee kurasa, hata kama itabidi afe sura moja baadaye.

Jalada likiandikwa fantasia au riwaya tupu, mwachie mchapishaji. Nitumie sura ya nne, geti likiwa limeshughulikiwa.