Kiwiko cha tenisi: sindano mnayoililia ndiyo inayowachelewesha

Maswali ya kiwiko yamelundikana, na zaidi ya nusu yanasema hivi tu: "Kiwiko kinauma, naomba dawa." Umri hamna, kazi hamna, upande hamna. Hayo nimeyaacha. Haya ndiyo yanayojibika.

Shikamoo mtaalamu. Ni mama lishe, tenisi naionaga kwenye televisheni tu. Mbona nimeandikiwa kiwiko cha tenisi?

Marahaba. Jina lina zaidi ya miaka 140. Madaktari wa Uingereza waliuona ugonjwa kwa wacheza tenisi ya nyasi, likaganda hapo. Wagonjwa wengi hawajawahi kushika raketi, na wengi wana kati ya miaka 35 na 55.

Kinachougua ni kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, si mfupa wenyewe. Upande wa nje wa kiwiko kuna kinundu, na hapo hushikilia kano ya msuli unaoinua kiganja kwa nyuma. Kila unapokamata kitu kwa nguvu, msuli huo hukaza ili kifundo cha mkono kisilegee. Sasa hesabu: mwiko, kisu, mashuka ya kukamua. Ukiwa umezoea kusonga ugali wa watu 20, ukapata tenda ya watu 80, kano haijaambiwa kwamba kazi imeongezeka mara nne.

Nitajuaje kama ndicho hicho na si kingine?

Nyoosha mkono mbele, kiganja kitazame chini. Mtu akubonyeze kidole cha kati kuelekea chini, wewe ukimzuia. Maumivu yakichoma palepale kwenye kinundu cha nje, umeshapata jibu. Kipimo cha pili ni kuinua kiti kwa kushika mgongo wake, kiganja kikiwa chini.

Maumivu ya upande wa ndani ni ugonjwa mwingine. Ganzi vidoleni, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni, yanataka shingo ipimwe kwanza. Umeanguka na mkono haunyooki? Kapige picha. Kiwiko kikivimba, kikawa chekundu na cha moto, tena una homa, nenda hospitali leo. Usisubiri gazeti la wiki ijayo.

Nimechomwa sindano mbili kiwikoni. Kila moja inanipa nafuu mwezi mmoja na nusu, halafu maumivu yanarudi makali zaidi. Niongeze ya tatu?

Hapana. Na swali hili nalijibu kila mara.

Hiyo ni sindano ya steroidi, na ulichokieleza ndicho utafiti ulichokionyesha: wiki ya sita waliochomwa wako vizuri kuliko wenzao, lakini mwaka ukitimia wako nyuma hata ya wale walioachwa bila tiba yoyote. Steroidi huzima uvimbe, na kano iliyougua muda mrefu ikitazamwa kwa darubini haina uvimbe wa maana. Utakuta nyuzi zilizovurugika, zilizojaribu kujijenga zikashindwa. Unamwaga maji pasipo na moto, na maji yenyewe yanadhoofisha nyuzi. Juu ya hapo, maumivu yakizimika unarudi kwenye mwiko kwa kasi ileile. Sindano ikichomwa juujuu, ngozi hubaki na baka jeupe lililobonyea. Na mwenye kisukari ategemee sukari kupanda kwa siku kadhaa.

Zile za diclofenac mnazochomwa makalioni kwenye duka la dawa ni dawa ileile ya vidonge, imepitia mlango mwingine. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu aziogope. Ukitaka kitu, jeli yake ya kupaka inatosha kwa siku chache.

Na ile ya kutoa damu yako, kuichuja na kukurudishia kiwikoni?

Tafiti zilipojumlishwa, haikuwa na tofauti ya maana na sindano ya maji ya chumvi. Hela yako iache mfukoni.

Mazoezi gani hasa? Niliyopewa niliyafanya wiki mbili, sikuona kitu.

Wiki mbili ndiyo kwanza unaamkia. Kano hutaka wiki 12.

Anza hivi: laza kigasha (mkono kati ya kiwiko na kifundo) mezani, kiwiko kimekunjwa, kiganja chini, mkono wa pili ukandamize juu yake. Sukuma juu bila kusogea, sekunde 30 hadi 45, mara tano, kila siku. Yakizoeleka, acha kiganja kining'inie ukingoni mwa meza kikishika soksi yenye mchanga wa nusu kilo. Mwenye duka atakupimia kwenye mizani. Panda kwa msaada wa mkono mzima, kisha mkono mgonjwa ushuke peke yake kwa sekunde nne. Mara 15, seti tatu, pumzika dakika moja kati ya seti. Ikiwa nyepesi ongeza robo kilo. Baadaye fanya mkono ukiwa umenyooka. Hapo ni kugumu zaidi.

Maumivu kidogo yanaruhusiwa: kwa kipimo cha sifuri hadi kumi yasipite nne, na kesho asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, punguza mzigo, usiache. Wengi huharibu kwa kushusha harakaharaka, au kuibana soksi kama inataka kutoroka.

Mkanda wa kiwiko unasaidia? Wangu hausaidii.

Umeuvaa juu ya kinundu, sivyo? Unakaa vidole viwili chini yake, kwenye nyama nene ya kigasha, umekaza lakini kidole kinapita. Vaa kazini, vua kulala. Vidole vikifa ganzi, legeza.

Ni fundi seremala. Niache kazi, au nifungwe hogo (plasta ngumu)?

Hogo hulegeza misuli, ukitoka hapo kano inaumia kwa kazi ndogo zaidi. Badili namna: beba ukiwa umegeuza kiganja juu, mzigo ukae karibu na mwili. Viringishia mpini wa nyundo tyubu ya baiskeli unenepe, usihitaji kubana sana. Gawa kupigilia misumari katika siku nzima badala ya asubuhi moja.

Mama ananichua kwa mafuta ya moto.

Nyama ya kigasha achue, mafuta yawe vuguvugu. Kinundu asikiguse, wala asilete wembe wa kuchanja.

Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Nifanyiwe upasuaji?

Eksirei huonyesha mfupa. Kano haionekani humo. Wengi hupona ndani ya mwaka hata bila tiba maalumu. Upasuaji huzungumzwa baada ya miezi 6 hadi 12 ya mazoezi ya kweli, na daktari akikutajia kisu kabla hajakuuliza unafanya kazi gani, tafuta mwingine.