Maswali yenu: Kwotabeki waliosugua benchi hadi wakapata namba

Sisi tunaokesha Jumapili tukitazama NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mechi ya kwanza saa 3 usiku na ya mwisho saa 10 alfajiri, tumezoea kuonekana wagonjwa. Wiki hii nimefurahi kukuta maswali yenu yamejaa, na karibu yote yanahusu watu wa aina moja: kwotabeki ambao hakuna aliyewataka. Kwa mgeni wa mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushe kwa nani. Timu ikishinda anasifiwa yeye, ikifungwa anatukanwa yeye.

Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, kisha akabeba Super Bowl, fainali ya NFL, mara 7. Hao wanaolipwa kusaka vipaji walikuwa wanaangalia nini? (Msomaji, Morogoro)

Walikuwa wanaangalia saa. Kabla ya drafti, zoezi la kila mwaka ambalo timu huchukua wanachuo kwa zamu, vijana hupimwa kimo, uzito, mikono na mbio. Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28. Kuna mabonge ya kilo 140 yanayomwacha nyuma. Kwotabeki 6 wakachukuliwa kabla yake.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe haipimwi kwa saa ya mbio. Mpira ukishamfikia, kwotabeki ana kama sekunde 2 na nusu, labda 3, kabla hajaangushwa. Humo ndani awasome mabeki, ang'amue nani amemdanganya, aachane na mpokeaji wa kwanza, amtafute wa pili, arushe. Kifaa cha kupima hilo hakipo. Lakini msinidanganye kwamba lilikuwa siri! Januari ya mwaka huohuo, kwenye Orange Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Michigan, chuo cha Brady, walikuwa nyuma ya Alabama kwa pointi 14, mara mbili. Brady akarusha yadi 369 na wakashinda 35-34 katika muda wa nyongeza. Kilichomponza, naona mimi, ni kwamba msimu ule kocha wake wa chuo alikuwa akimbadilisha na kijana mdogo kwake, Drew Henson. Bidhaa ambayo mwenye duka mwenyewe anaisitia, mnunuzi hupita.

Mtu anasugua benchi mwaka mzima. Anakuaje bora bila kucheza? (Msomaji, Eldoret)

Hili ndilo swali nililolisubiri.

Katika wiki ya mechi, mazoezi karibu yote ya mashambulizi ni ya kwotabeki wa kwanza. Wa pili anaambulia makombo. Wa tatu anapewa kazi ya ajabu: kuigiza adui. Kocha msaidizi ananyanyua kadi iliyochorwa shambulizi la timu watakayokutana nayo, kijana anaitazama kidogo, kisha anaenda kulitekeleza dhidi ya mabeki wa timu yake mwenyewe. Ana bahati moja: anarusha mbele ya walinzi wa kiwango cha juu kabisa na akikosea hakuna gazeti litakaloandika. Na ana hasara moja: anafanyia mazoezi mchezo wa watu wengine. Wa timu yake anajifunza kwa macho, amesimama nyuma ya mwenye namba, akipiga hatua zilezile mikono mitupu.

Halafu kuna ulimi. Jina la shambulizi moja ni sentensi nzima ya maneno yasiyohusiana, na kila neno linamwambia mtu fulani asimame wapi na akimbilie wapi. Kocha analisema kupitia redio iliyo ndani ya kofia, na redio hiyo hukatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mpira. Kwotabeki alirudie kwa wenzake 10 bila kigugumizi. Wengi wenye mikono ya dhahabu hukwama hapahapa.

Brady msimu wake wa kwanza alikuwa wa nne kwenye foleni. Mwaka mzima alirusha pasi 3, ikafika 1, yadi 6. Septemba 2001 mwenye namba, Drew Bledsoe, akagongwa vibaya na Mo Lewis wa timu pinzani, Jets, hadi akavuja damu ndani ya kifua. Brady akaingia. Februari akawa ameshika kombe. Tunasema mvumilivu hula mbivu, ila kwenye mchezo huu mbivu mara nyingi huanguka siku mwenzako anapoumia, na ndiyo maana kwotabeki wa akiba akihojiwa hucheka kwa tahadhari.

Ni kweli kwotabeki Kurt Warner alikuwa anapanga bidhaa supamaketi? (Msomaji, Dodoma)

Kweli. Green Bay walimtema mwaka 1994, akarudi Iowa kufanya zamu ya usiku kwenye duka la Hy-Vee, mji wa Cedar Falls, kwa dola 5.50 kwa saa. Lakini watu wanaipenda mno hadithi ya rafu za duka, na rafu hazikumfundisha chochote. Kilichomfundisha ni futiboli ya ukumbini, alikochezea Iowa Barnstormers kuanzia 1995: uwanja wa yadi 50 tu, watu 8 kila upande, kuta zimewekewa magodoro pembeni. Nafasi ni finyu, mlinzi yuko puani pako, ukishika mpira ukiwaza umekwisha. Miaka mitatu ya hivyo, kisha timu ya Amsterdam, kwenye ligi ya Ulaya, mwaka 1998.

Mwaka 1999 Cleveland walirudi kwenye ligi na kuruhusiwa kuchukua wachezaji ambao timu nyingine hazikuwalinda. Rams, timu ya Warner wakati huo, hawakumlinda. Cleveland wakampita! Kisha kwotabeki wa kwanza wa Rams, Trent Green, akaumia goti kabla ya msimu, Warner akapewa timu iliyokuwa imeshinda mechi 4 tu mwaka uliotangulia, akarusha pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga, akawa mchezaji bora wa ligi na kushinda Super Bowl. Na kombe lile la Brady la 2002? Alimnyang'anya huyuhuyu Warner.

Brock Purdy alikuwa bora kuliko wote waliomtangulia, au alibahatika na timu? (Msomaji, Mombasa)

Vyote viwili. Alichukuliwa na San Francisco wa 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa, na wa mwisho hupewa sherehe ya utani huko Newport Beach pamoja na sanamu ya mchezaji anayedondosha mpira. Timu hiyo ilikuwa imetoa chaguo zake tatu za raundi ya kwanza ili impate kwotabeki mwingine, Trey Lance, mwaka 2021. Lance alikuwa na mwili wa kuchongwa na msimu mmoja tu kamili wa chuo. Purdy alikuwa na minne. Lance akavunjika kifundo, kwotabeki mwenzao Garoppolo akaumia mguu, na mechi ya kwanza aliyoanza Purdy aliifunga Tampa Bay 35-7, Tampa Bay ambako Brady alikuwa amehamia. Mfumo wa kocha wao, Kyle Shanahan, unataka mpira utoke kabla mpokeaji hajageuka, na hilo kijana alikuwa nalo. Angeangukia timu inayotaka mirusho mirefu ya nguvu, huenda leo tusingekuwa tunamjadili. Mwaka 2025 alisaini miaka 5 kwa dola milioni 265.

Na waliopuuzwa kwa sababu ya rangi? (Msomaji, Minneapolis)

Ahsante kwa kuuliza, maana hao hawakukosewa na saa. Kwotabeki Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi nyingine kubwa ya vyuo, ya Januari 1978. Drafti ya mwaka ule ilikuwa na raundi 12 na hakuitwa hata moja. Siku hizo kwotabeki Mweusi aliambiwa abadili nafasi. Moon akakataa, akaenda Edmonton, Kanada, akashinda Grey Cup, kombe la ligi ya kule, mara 5 mfululizo. Kule una majaribio 3 badala ya 4 kusogeza mpira yadi 10, kwa hiyo unarusha sana. Mwaka 1983 alirusha yadi 5,648. NFL wakamfuata 1984, na mwaka 2006 akawa kwotabeki Mweusi wa kwanza kuingia kwenye ukumbi wa magwiji.

Kwa kila Purdy, wangapi wanapotea? (Msomaji, Kigoma)

Wengi mno. Hatuwajui majina, ndiyo maana hesabu huonekana nzuri.

Mwanangu ana miaka 15, anarusha mkuki kuliko wote shuleni. Anaweza kuwa kwotabeki? (Mzazi, Nandi)

Mzazi, nitakuwa mkweli. Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mkuki unamngoja mrushaji. Beki hamngoji mtu. Wageni wanaoingia NFL wakiwa wakubwa mara nyingi huwekwa kwenye safu za mapambano, ambako mwili hubeba mengi, kwa sababu kusoma mabeki kunataka miaka. Lakini ana 15 tu. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na mchezo wa bendera, watu 5 kwa 5, hakuna kugongana: unamchomoa mwenye mpira kitambaa kiunoni. Ni mahali pazuri pa kumzoesha macho. Mtafutie mpira mmoja wa umbo la yai na wenzake wawili wenye mbio, aanze kurusha wakiwa wanakimbia, si wakiwa wamesimama. Na asiache mkuki.