Ukienda harusini Tukuyu, usirudi na basi la kesho yake

Wengi wetu hapa Dar hatusafiri kutalii, tunasafiri kwa shughuli: harusi, msiba, kumpeleka mtoto bweni, kikao cha ukoo. Mtu akitaja utalii wa ndani tunawaza Ngorongoro na Zanzibar, tunawaza bei, maongezi yanaishia hapo. Mimi nasema hivi: shughuli ndiyo ikulipie nauli. Basi umeshapanda, ruhusa kazini umeshaomba, begi umeshafunga. Ukiongeza siku mbili tatu baada ya shughuli, gharama inayobaki ni kitanda cha gesti, chakula na bodaboda.

Rungwe, wilaya ya mkoani Mbeya ambayo Tukuyu ndio mji wake, niliijua kwa njia hiyo, kupitia harusi ya shemeji yangu. Awali nilichojua kuhusu Tukuyu ni mvua na ndizi. Vyote viwili ni kweli. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kati ya Uyole na Kyela, kwa barabara moja ya lami, unapita ziwa lililo ndani ya volkano, mto unaopita chini ya daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga, mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa mpaka kwenye upeo, kisha unateremka kwenye joto na mpunga wa Kyela hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Asubuhi umevaa sweta, mchana unatafuta kivuli.

Kwa nini hukuambiwa? Kwa sababu wenyeji wenyewe hawaoni cha kusimulia. Nilipouliza vivutio, ukweni walitazamana. Nikabadilisha swali: "Mlipokuwa watoto, mlikuwa mkikatazwa kwenda wapi?" Hapo kila mtu akawa na lake. Kijungu! Daraja la Mungu! Ngozi, kule kwa mizimu! Shemeji akajaribu kunikatisha tamaa: "Yale ni maji tu, shemeji." Bibi mmoja akadakia, "Mkwe, kwani Dar hakuna maji?" Nikamjibu kuna wiki hayapo kweli, tukacheka. Swali hilo nimelitumia kwingine pia na halijaniangusha. Lijaribu kabla hujafungua simu kutafuta picha za watu.

Kijungu na Daraja la Mungu viko jirani, vyote kwenye Mto Kiwira, na njia inapita eneo la chuo cha magereza. Utaandikishwa jina getini. Fanya adabu, usipige picha majengo wala askari, na hutapata shida. Daraja lenyewe ni mwamba uliotokana na volkano. Mto umeutoboa chini, juu yake nyasi zimeota kama kawaida, kiasi kwamba unaweza kusimama juu yake ukauliza daraja liko wapi. Kijungu ndicho kilichonishika mimi. Mto mzima, mpana, wenye kelele, unabanwa ghafla kwenye mwamba na kutumbukia katika shimo la mviringo, maji yanazunguka humo yakitoa povu kabla ya kupata njia ya kutokea. Mwamba unaolizunguka umelainishwa kwa kusuguliwa miaka na miaka, ukilowa unateleza vibaya. Kaa mbali na ukingo, na mtoto mshike mkono.

Ngozi, lile ziwa la ndani ya volkano, inataka miguu. Unaacha barabara kuu kabla ya kufika Tukuyu ukitokea Mbeya, unasogea na bodaboda hadi njia inapoanza, kisha unapanda msituni kwa miguu. Mizizi, matope, ukungu. Huoni kitu mpaka ufike ukingoni, na hapo ziwa liko chini kabisa, kijani, limezungukwa na kuta za msitu. Nenda asubuhi, maana mchana ukungu ukijaa utakuwa umepanda kuangalia weupe. Mchukue mwongozaji wa pale pale. Hela anayolipwa ndiyo inamfanya awe na sababu ya kuulinda msitu ule badala ya kuukata, na hadithi za ziwa anazijua yeye.

Kuhusu bodaboda: patana bei ya kutwa nzima pamoja na kusubiri, kabla hujapanda. Ukilipa kwenda tu, kurudi utalipa bei ya mtu aliyekwama.

Kama una siku moja tu, mimi ningeacha vyote niteremke Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Unapita Ipinda, na usafiri wa mwisho unaweza kuwa gari lililojaa magunia, ndoo na kuku. Milima ya Livingstone inasimama kando ya ziwa kama ukuta, na maji hayana chumvi, kwa hiyo ukitoka kuogelea hunati mwili mzima. Waulize wavuvi kwanza ni sehemu gani ya kuoga. Karibu na midomo ya mito kuna mamba. Panga uwepo Jumamosi, siku ya mnada wa Lyulilo, pale vyungu vya Wakisi vinapouzwa. Wanawake wa Ikombe na vijiji vya ufukweni huvifinyanga kwa mkono, na vingine huletwa sokoni kwa mtumbwi. Mama aliyeniuzia changu alikigonga kwa kucha kwanza nisikie kinavyolia, akaniambia chenye ufa husikika kama debe. Kisha akakizungushia majani makavu ya migomba na kamba, nikakipakata kwenye basi hadi Dar. Mpaka leo kinapika maharage.

Kimondo cha Mbozi? Hapo nitasema bila kupepesa: kiko upande mwingine kabisa, njia ya Tunduma, hivyo usikifungie safari kutoka Tukuyu. Ila kama shughuli yako iko Vwawa au Tunduma, kukipita ni uvivu. Ni donge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, unaligusa kwa kiganja, na unaona mahali walipokata kipande kwa uchunguzi.

Kwenye maeneo yanayotoza kiingilio, Mtanzania hulipa kwa shilingi tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Beba kitambulisho chako cha taifa, na uwe na salio kwenye simu, kwa sababu malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo na mtandao huko milimani una siku zake.

Limebaki suala la msimu, na hapo huwezi kupata vyote. Juni hadi Oktoba njia zinapitika vizuri, ingawa Juni na Julai baridi inauma kweli, blanketi moja la gesti halitoshi. Lakini ukitaka Kitulo, ile hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua na ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, maua yenyewe yanachanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Kufika huko kuna njia ya Isyonje kuelekea Makete, na kuna ile ya kupandia Chimala yenye kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Kwenye mvua usipande hiyo na gari dogo. Harusi nyingi ni Desemba, kwa hiyo huenda hilo limeshaamuliwa kwa niaba yako. Nunua mabuti ya mpira sokoni Tukuyu, ukimaliza waachie ukweni.